Maji ya Hodi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa matusi.

Kazini wananiita mwandishi wa mahitaji. Kabla mafundi hawajaandika programu, mimi ndiye ninayekwenda kwa wenye shida, nawauliza wanataka mtambo ufanye nini, kisha naandika kwa maneno ambayo hata mwongo hawezi kuyapindua. Wengi wanadhani ni ukarani. Msimamizi wetu, Bwana Tayari, ni mmoja wao. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimwuliza jambo lolote limefikia wapi, anajibu "tayari," hata kama halijaanza.

Safari hii mteja ni idara ya mifereji. Wanataka malango ya mfereji mkuu yajifungue yenyewe kwa kompyuta mvua ikizidi, badala ya mzee kuzungusha usukani wa chuma kwa mikono. Mtambo uanze kazi kabla mvua kubwa hazijachanganya. Mfereji huo unateremka mpaka bondeni, na bondeni anaishi dada yangu, kwenye nyumba ambayo mama aliinunua mimi nikiwa nimeshaolewa huku juu. Sijazungumza na Dada tangu masika yaliyopita, nilipomwambia atafia kwenye tope lile na yeye akanifungia mlango usoni.

Jumanne, 5 Machi

Kikao cha kwanza na mkurugenzi wa idara. Ana ofisi yenye zulia na sauti ya mtu asiyekatizwa.

"Nataka mtambo wa haraka, wa kisasa, usiosumbua."

Nikamwuliza haraka ni kiasi gani. Akasema haraka ni haraka. Nikamwambia maneno kama hayo hayapimiki, na kisichopimika fundi atakitengeneza anavyotaka, halafu tutakuja kugombana. Bwana Tayari akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaendelea. Mwisho tukapata kitu: tangu maji yafike alama nyekundu mpaka malango yote yawe wazi, zisipite dakika mbili. Hilo ni hitaji. Unaweza kulishikia saa.

Chanzo cha haraka yenyewe nimekijua. Mwaka jana maji yalichelewa kushuka, yakarudi nyuma na kuingia maegesho ya chini ya ofisi, na gari la mkurugenzi likaogelea.

Nikamwuliza nani wote wataguswa na mtambo huu. Akahesabu kwa vidole: yeye, watu wa fedha, mzee wa lango.

"Na walio chini?"

"Chini hakuna wafanyakazi wetu."

Nikaandika alivyosema. Bwana Tayari alikuwa ameshasimama.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tumemhoji mzee wa lango. Hatukwenda langoni, kwa sababu Bwana Tayari ana viatu vipya na njia ya langoni ni tope. Mzee aliitwa ofisini kwa mkurugenzi, akasimamishwa juu ya zulia na mabuti yake, kofia mkononi. Mkurugenzi alikaa pale pale akisikiliza.

Mzee huyu simpendi. Amenuna kama aliyedhulumiwa urithi. Nilimwuliza maji yakifika alama nyekundu anafanya nini.

"Nafungua malango yote."

"Mara moja?"

Akamtazama mkurugenzi, kisha akanitazama mimi kwa chuki ya wazi kabisa. "Mara moja. Kama mwongozo unavyosema."

Mtu yeyote anayejifunza kazi hii huambiwa siku ya kwanza: mfanyakazi mhoji mahali pake pa kazi, umtazame akiifanya, na usimkalishe na bosi wake. Nilimnong'oneza Bwana Tayari kwamba lazima niende langoni peke yangu. Akasema mahojiano tayari.

Ijumaa, 8 Machi

Manyunyu. Nimeandika kutwa nzima na mgongo unauma.

Jumatano, 13 Machi

Hati ya mahitaji imesainiwa leo. Ina mahitaji kumi na manne. Mkurugenzi hakusoma ukurasa hata mmoja, alifunua tu akitafuta pa kuweka sahihi. Nilitaka niandike pembeni kwamba watu wa bondeni hawajahojiwa. Bwana Tayari aliniita koridoni.

"Nikufundishe kazi yako? Hitaji ni lile lililotoka kinywani mwa mteja. Mengine ni maoni yako, kawaambie mashoga zako."

Nitalala na sentensi hiyo kama jiwe kwenye godoro.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua imeanza kweli kweli. Na leo nimeona nilichokiona.

Asubuhi nilipita ofisini kuchukua mwavuli. Baba Pacha, anayeandika programu yenyewe, alikuwa ameacha ramani ya mfereji mezani. Nikaifuata kwa kidole mpaka bondeni. Mahali ilipo nyumba ya mama pameandikwa: eneo tupu. Mawe ya kufulia, wanaposhinda madobi wote wa bondeni pamoja na Dada, ndani kabisa ya mfereji: tupu. Wachimba mchanga: tupu. Nikaikunja ramani nikaondoka nayo, mwavuli nikausahau.

Nyumba ya Dada ina mlango unaotazama mfereji. Ulikuwa wazi. Nikaingia moja kwa moja, nimelowa chapachapa, nikaanza kusema hata sijakaa. Kwamba ahame wiki hii. Kwamba safari hii malango yatafunguka yote ndani ya dakika mbili, na mimi ndiye niliyeandika hizo dakika mbili.

Alikuwa anakamua shuka. Hakuinua uso.

"Toka nje," akasema.

"Dada, hebu nisikilize."

"Toka, usimame kizingitini upige hodi. Hata maji ya mfereji yakija huku yanapiga hodi, sembuse wewe niliyekubeba mgongoni."

"Maji gani yanapiga hodi?"

Hapo ndipo akanitazama, na ile dharau yake yote niliyokuwa nimeikumbuka ilikuwepo, haijapungua.

"Wewe si msomi? Yule mzee wa juu hafungui maji hivi hivi. Kwanza anainua lango kidogo tu, kiganja kimoja. Yanakuja maji machache, ya matope, yanafika hapa." Akainama akajigusa kifundo cha mguu. "Sisi tunayaita maji ya hodi. Ukiyaona, unakusanya nguo zako, unapanda ngazi. Wachimba mchanga wanatoka. Mwenye mtoto anamshika mkono. Baada ya robo saa hivi, ndiyo yanakuja yenyewe, na hayo hayana huruma."

"Nani aliagiza hivyo?"

"Nani aagize? Ndiyo kawaida. Na mzee aliyemtangulia alikuwa anafanya vivyo hivyo."

"Kwa nini hakuna aliyesema?"

"Nani alituuliza?"

Maji yalikuwa yananichuruzika kutoka kwenye gauni hadi sakafuni pake alipopapiga deki. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtambo wetu unapiga hodi. Nikasema haupigi. Unafungua yote.

"Basi umekuja kuniua kwa karatasi."

"Nimekuja kukwambia uhame!"

"Sihami. Mama alikufa humu na mimi nguo za watu ziko kwenye kamba. Wewe ndiye uliyeandika. Nenda kaandike upya."

Akarudi kwenye shuka lake. Nimetembea mpaka nyumbani huku nalia kwa hasira, na sijui hasira ni ya nani.

Jumatatu, 18 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Nilimweleza Bwana Tayari kila kitu. Alisikiliza akichokonoa meno, kisha akasema hati imesainiwa, na kuifungua upya ni kumwambia mteja kwamba tulilala. Nikamwambia tulilala kweli. Akasema, "Wewe ulilala. Mimi sahihi yangu iko."

Nikampita, nikaenda kwa mkurugenzi. Ndiyo, nilimruka bosi wangu, na nitalipia. Mkurugenzi alinisikiliza mpaka nilipofika robo saa. Robo saa ilimwamsha.

"Unataka maji yakae huku juu robo saa nzima ili watu wasioruhusiwa kuwepo mferejini wapate kukusanya nguo?"

"Nataka wasife."

"Kwenye mwongozo wangu hakuna hodi." Akamwita mzee wa lango.

Mzee akaja, akasimama palepale juu ya zulia. Mkurugenzi akamwuliza kama ana tabia ya kufungua maji kidogo kabla ya kufungua yote.

"Sijui hodi yoyote, mheshimiwa," akasema. "Mimi nafuata mwongozo."

Neno hodi lilikuwa halijatajwa mbele yake. Alilitaja mwenyewe, na mkurugenzi hakugutuka kwa sababu alikuwa ameshapata jibu alilolitaka. Bwana Tayari alipofika, amekimbia mpaka anahema, aliomba radhi kwa niaba yangu kana kwamba mimi ni mtoto niliyevunja kikombe ugenini. Nilitamani zulia lile liwameze wote watatu.

Jumanne, 19 Machi

Nilikwenda langoni, peke yangu, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Kibanda chake ni cha mabati, kina kigoda na redio mbovu. Usukani wa chuma umefungwa kitambaa pale mikono inaposhika, na kitambaa kimekuwa cheusi. Kwenye nguzo ya lango pana mkwaruzo wa msumari, umerudiwa na kurudiwa mpaka umekuwa mfereji mdogo. Nikaweka kiganja changu kati ya alama hiyo na ukingo wa lango. Kilitosha sawasawa.

"Umenidanganya," nikamwambia.

"Na wewe ulinihoji mbele yake. Ulitaka nijibu nini? Niseme nachelewesha maji miaka yote hii, gari lake linalowa kwa ajili yangu, halafu nirudi hapa nikae?"

"Wale wa chini watasombwa."

"Watasombwa na mtambo wako. Mimi sijamsomba mtu." Akatema mate karibu na kiatu changu, akaongeza: "Mtambo ukiharibu, wataniita nirudi kwenye usukani."

"Ukiharibu maana yake mtu ameshakufa!"

Alinigeuzia mgongo akaanza kupaka grisi kwenye meno ya lango, ambalo baada ya wiki mbili halitamhitaji. Nilimchukia njia nzima ya kurudi. Nilipofika barabarani nikagundua kwamba lile alilolisema kuhusu mahojiano lilikuwa kweli, na hilo likanifanya nimchukie zaidi.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Bwana Tayari hanisalimii. Afadhali.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Nimepita juu ya daraja nikamwona Dada chini kwenye mawe, anapiga nguo. Ameniona. Tumetazamana mpaka mmoja wetu akachoka, na ni mimi.

Jumanne, 26 Machi

Kuna jambo moja ambalo Bwana Tayari hajawahi kulielewa katika kazi hii: kila hitaji lina jaribio lake. Kama tumeandika dakika mbili, lazima siku ya makabidhiano mtu asimame na saa, na iandikwe nani atasimama wapi. Majaribio hayo nayaandika mimi. Hakuna anayeyasoma.

Hitaji la tisa linasema maji yafike mawe ya kufulia ndani ya dakika kumi tangu malango yafunguke. Ni mkurugenzi aliyelitaka, apate kujua huku juu kutakauka lini. Nimeandika jaribio lake: "Maji yatashuhudiwa na mteja mwenyewe pamoja na msimamizi wa mradi, wakiwa kwenye mawe ya kufulia."

Wamesaini wote wawili jioni. Mkurugenzi alisaini huku anaongea na simu.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua ilikatika alfajiri. Bwawa la juu linalolisha mfereji limejaa, limebakiza kidogo kufika alama nyekundu. Baba Pacha alikuwa kwenye kibanda cha mzee na kompyuta yake. Nilimwambia aufunge mtambo usiguse lango mpaka nimpigie simu mimi mwenyewe, hata aambiwe na nani. Akaitikia kwa kichwa bila kuuliza. Hilo halikuandikwa popote.

Jana nilikwenda kizingitini kwa Dada, nikasimama nje. Nikamwambia kesho madobi wasishuke. Leo mawe yalikuwa matupu na wanawake wote walikuwa wamekaa juu ya ukingo na mabeseni yao, wamejipanga kama wako harusini. Dada katikati, mikono kifuani.

Nikawateremsha waheshimiwa. Ngazi ni za udongo, zinateleza. Mkurugenzi alishuka kwa makalio hatua za mwisho. Bwana Tayari alivibeba viatu vyake mkononi. Wakasimama juu ya mawe, na huku na huku kuta za mfereji zimewapita vichwa, na mbele kona ambayo huwezi kuona nyuma yake.

"Tunasimama hapa kwa nini?" mkurugenzi akauliza.

"Hitaji la tisa. Mshuhudiaji ni wewe. Umesaini."

Tukangoja. Jiwe dogo liliporomoka mahali fulani, akageuka upesi.

"Yanakuja saa ngapi?"

"Yakifika alama nyekundu mtambo unafungua. Hauulizi mtu."

"Yaani hata sasa hivi?"

"Sasa hivi, au baadaye kidogo. Bwawa limejaa."

Akaitazama ile kona. Akazitazama ngazi, ziko mbali kuliko alivyoziona akiwa juu. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu.

"Sasa sisi huku chini tutajuaje kama maji yanakuja?"

Bwana Tayari akafumba macho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza ameelewa jambo kabla ya mteja. Mimi nikafungua kalamu.

"Naomba ulirudie hilo, mkurugenzi. Niliandike kama lilivyotoka kinywani mwa mteja."

Huko juu mwanamke mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, na kicheko chao hakikuwa cha furaha. Mkurugenzi alipanda ngazi kwa mikono na miguu, suti ikiwa tope mpaka kifuani. Mimi nikapanda nyuma yao taratibu. Alipofika juu akanigeukia.

"Andika," akasema. "Andika wajulishwe."

"Kujulishwa hakupimiki. Maji kiasi gani? Kwa muda gani?"

Hakujua. Akamtazama Bwana Tayari, naye hakujua. Dada ndiye aliyesema, kutoka pale alipokaa, bila kusimama:

"Yafike kifundo cha mguu. Robo saa."

Nikaandika: hitaji la kumi na tano. Mkurugenzi akasaini kwa mkono wenye tope, na sahihi ikachafuka. Kisha akamwambia Bwana Tayari, mimi nikisikia, kwamba mradi huu ukiisha hataki kuniona tena kwenye ofisi yake. Bwana Tayari akajibu kwa neno lake lile.

Ijumaa, 5 Aprili

Baba Pacha ameongeza hodi kwenye programu. Alikwenda kupima mkwaruzo wa msumari mwenyewe. Mtambo unainua kiganja kimoja, unangoja robo saa, kisha unafungua yote. Umejaribiwa, umepokelewa, umesainiwa.

Mzee wa lango ameachishwa kazi leo. Nilimkuta njiani na kigoda chake begani. Nilimsalimia. Alisimama.

"Kilichobaki changu kilikuwa ni ile hodi tu," akasema. "Ungekuja kibandani siku ya kwanza, ningekuonyesha, na pengine ningekuomba uandike kwamba lango linahitaji mtu. Sasa umechukua hodi yangu ukaupa mtambo."

Nilitaka kumwambia kwamba angesema kweli juu ya zulia lile mambo yangekuwa tofauti. Lakini yangekuwaje? Angefukuzwa mwezi mmoja mapema. Akaenda zake bila kuitikia salamu, na sikuweza kumchukia tena, ingawa nilijaribu.

Jumatano, 10 Aprili

Nimehamishiwa chumba cha mafaili. Kina dirisha moja, linavuja.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua imenyesha tangu jana bila kupumua. Mchana nilishindwa kukaa. Nikateremka bondeni nikasimama kwenye ukingo, karibu na nyumba ya Dada, na sikuuamini mtambo, sikumwamini Baba Pacha, sikuiamini hata kalamu yangu.

Madobi walikuwa chini kwenye mawe. Wana nguo za watu, mvua si kisingizio. Dada alikuwa wa mwisho kabisa, karibu na kona. Nilimwita, upepo ukameza sauti.

Kisha nikayaona. Maji membamba, ya rangi ya udongo, yakizunguka kona bila kelele, yakapita kwenye mawe, yakafika kifundo cha mguu yakaishia hapo. Wanawake hawakupiga hata ukelele. Waliinama wote kwa pamoja wakakusanya nguo, wakapandisha mabeseni, wakapanda. Mmoja aliendelea na hadithi aliyokuwa akiisimulia. Walipokuwa juu wote, nikawahesabu, nikawahesabu tena. Baadaye yakaja yale mengine, na mawe yote yakazama.

Hakuna aliyenitazama, wala sikustahili. Dada alipita mbele yangu na beseni kichwani akaingia ndani. Nikamfuata mpaka kizingitini, nikasimama nje kwenye mvua.

"Hodi," nikasema.

Nilimsikia akitundika nguo kwenye kamba ya ndani, moja baada ya nyingine.

"Hodi, Dada."

"Leo yamekuja kwa ghafla," akasema akiwa ndani. "Yule mzee alikuwa anayaleta taratibu."

"Ni yaleyale. Kiganja kimoja, robo saa. Imepimwa."

"Siyo yaleyale."

Sikubishana. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni na yeye alikuwa bado na nguo za kutundika. Akamaliza, akaja mlangoni, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Haya ingia basi," akasema, "unaniloweshea mlango."